Kura zilizobaki nyumbani: wahafidhina wa Uingereza walivyokichoka chama chao

Mid Bedfordshire ni jimbo la mashamba na miji midogo kaskazini mwa London, na Chama cha Conservative kililishikilia tangu mwaka 1931. Desemba 2019 mgombea wake, Nadine Dorries, alipata kura 38,692. Alipojiuzulu ubunge mwaka 2023 ukaitishwa uchaguzi mdogo, na mwezi Oktoba mgombea mpya wa chama hicho akaambulia kura 12,680. Wapinzani wao, Labour, wakalichukua jimbo. Ikasemwa kwamba wimbi lao sasa limefika hadi vijijini, lakini anayezitazama hesabu kwa utulivu anakuta jambo la ajabu. Mshindi wa Labour alipata kura 13,872, wakati mwaka 2019, Labour walipobwagwa vibaya, walikuwa wamepata 14,028. Hawakuongeza hata kura moja. Kilichotokea ni kwamba kura 26,000 za Conservative zilitoweka, na sehemu kubwa haikwenda kwa mtu yeyote. Wenyewe hawakutoka nyumbani.

Tarehe 4 Julai 2024 yaliyotokea Mid Bedfordshire yakatokea karibu nchi nzima. Chama kilichotawala miaka 14 mfululizo kilishuka kutoka kura karibu milioni 14 hadi milioni 6.8, na kutoka wabunge 365 hadi 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Labour waliingia bungeni na viti 411 kwa kura milioni 9.7, ambazo ni pungufu ya milioni 10.3 walizopata chini ya Jeremy Corbyn miaka mitano kabla. Ni asilimia 60 tu ya waliojiandikisha waliojitokeza. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa uchaguzi ule asianze na Keir Starmer, kiongozi wa Labour. Aanze na mhafidhina wa kawaida, mtu ambaye wazazi wake walikipigia chama hicho, naye amekipigia maisha yake yote, na ambaye msimamo wake kuhusu kodi, mipaka, familia na ufalme haujabadilika hata kidogo. Huyo ndiye aliyeamua matokeo. Kilimsibu nini?

Ndani ya chama yapo majibu mawili, na yanapingana. Mrengo wa kulia unasema serikali iliacha uhafidhina: ikapandisha kodi, ikafungua milango kwa wahamiaji, ikaogopa mahakama. Mrengo wa kati unasema kinyume, kwamba chama kilimfuata Nigel Farage, mwanasiasa wa kulia zaidi aliyekuwa nje yake, mpaka kikawatisha watu wa kistaarabu wa kusini mwa Uingereza. Kila upande una takwimu zake na kila upande una ukweli kidogo. Lakini majibu yote mawili yanakipendelea chama, kwa sababu yanaifanya aibu ile ionekane kuwa mjadala wa itikadi. Mpiga kura aliyekichoka hakuwa akilalamikia itikadi kwanza. Alikuwa akilalamikia ahadi. Chama kilisema kitu kimoja kwa miaka 14 na kikatenda kingine, tena mara nyingi kwenye mambo yale yale ambayo wahafidhina wanayajali kuliko watu wengine.

Chukua uhamiaji. Mwaka 2010 David Cameron, kiongozi wa chama wakati huo, aliahidi kwamba idadi halisi ya wahamiaji, yaani wanaoingia ukitoa wanaoondoka, itashushwa hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Ahadi ikarudiwa mwaka 2015, ikarudiwa tena 2017 chini ya mrithi wake, Theresa May. Chini ya viongozi hao wawili haikutimia hata mwaka mmoja, na kila walipoulizwa kwa nini, jibu lilikuwa tayari: Umoja wa Ulaya unatulazimisha kupokea raia wa nchi wanachama. Hoja hiyo ilichangia sana kura ya maoni ya 2016, ambapo asilimia 51.9 waliamua nchi itoke katika umoja huo. Ilani ya 2019 ikasema wazi kwamba idadi itapungua. Nchi ikatoka. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, kwa makadirio ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, idadi halisi ilikuwa 906,000.

Safari hii hapakuwa na Brussels, makao ya umoja huo, ya kulaumiwa. Waliokuja walikuwa na viza zilizogongwa muhuri na serikali yenyewe. Wamo waliokimbia vita Ukraine na waliotoka Hong Kong, ambao wahafidhina wengi waliwakaribisha kwa moyo. Wamo wanafunzi na familia zao, ambao ada zao ziliviokoa vyuo vikuu vilivyokuwa hoi kifedha. Na wamo wauguzi na watunza wazee, waliohitajika kwa sababu hospitali na nyumba za wazee hazikuwa na watu. Julai 2021 London ilitia saini makubaliano na Nairobi ya kuajiri wahudumu wa afya wa Kenya, na Februari 2022 mlango wa viza ukafunguliwa kwa watunza wazee kutoka popote. Pengine kila uamuzi ulikuwa na mantiki yake. Tatizo ni kwamba hakuna waziri aliyesimama mbele ya wapiga kura wake akasema: tunawahitaji watu hawa, na hii ndiyo gharama ya kuwakosa. Jukwaani viongozi waliendelea kuahidi kupunguza, na ofisini waliendelea kugonga mihuri. Aliyetaka wahamiaji wachache alijiona amedanganywa. Aliyeona muuguzi wa kigeni akimhudumia mama yake aliona aibu kusikia serikali ikiwasema vibaya watu iliowaalika yenyewe.

Halafu kukawa na boti. Mwaka 2022 watu zaidi ya 45,000 walivuka Mfereji wa Uingereza kwa boti ndogo za mpira. Ukilinganisha na 906,000 idadi hiyo si kubwa, lakini boti zinapigika picha, viza hazipigiki. Tarehe 14 Aprili 2022 Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa Kigali kutia saini mpango wa kuwapeleka Rwanda waombaji hifadhi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mkasa huu una kejeli yake. Wazazi wa Patel walitoka Uganda. Aliyemrithi wizarani, Suella Braverman, ni binti wa baba aliyetoka Kenya. Rishi Sunak, waziri mkuu aliyeubeba mpango huo hadi mwisho, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni 2022 na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba mpango haukuwa halali. Sunak akapeleka bungeni muswada wa kutamka kwamba Rwanda ni nchi salama, na waziri wake wa uhamiaji, Robert Jenrick, akajiuzulu kwa madai kwamba muswada huo ni laini mno; hata hivyo ukapitishwa kuwa sheria. Hadi mwisho wa mpango Rwanda ilikuwa imelipwa jumla ya pauni milioni 290. Hakuna mwombaji hifadhi hata mmoja aliyepelekwa kwa nguvu. Walioondoka kwa hiari walikuwa wanne, na Labour walipoingia madarakani waliufuta mpango mara moja. Hakuna mhafidhina aliyepata alichokitaka: aliyependa mpango hakuona ndege ikiruka, na aliyeuchukia aliona sheria ikilazimishwa kukana uamuzi wa mahakama.

Bado hilo si jeraha kubwa kuliko yote. Jeraha kubwa lina tarehe: 23 Septemba 2022.

Kwa miongo mingi mtaji mkuu wa Conservative ulikuwa imani kwamba, wawe wakali, wawe wabahili, angalau fedha za nchi wanajua kuzitunza. Mtaji wa pili ulikuwa nyumba. Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliwauzia wapangaji nyumba za halmashauri miaka ya 1980 kwa hesabu rahisi ya kisiasa: mwenye nyumba yake ana kitu cha kulinda, na mwenye kitu cha kulinda huwa mhafidhina. Bajeti ndogo ya siku hiyo, ya Waziri Mkuu Liz Truss na waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, iliviunguza vyote viwili kwa wiki moja. Walitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kuonyesha fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. Pauni ikaanguka hadi kiwango cha chini kuliko wakati wowote dhidi ya dola. Hatifungani za serikali zikaporomoka, mifuko ya pensheni ikawa hatarini, na tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingilia kati. Riba za mikopo ya nyumba, ambazo zilikuwa zimeanza kupanda tayari, zikavuka asilimia 6.

Kwa Mwingereza, mkopo wa nyumba mara nyingi hufungwa kwa riba moja kwa miaka miwili au mitano, kisha hupangwa upya. Maana yake ni kwamba maumivu ya Septemba 2022 hayakuwapata wote siku moja. Kila mwezi, hadi siku ya uchaguzi, maelfu ya kaya ziliendelea kupokea barua ya benki yenye malipo mapya yaliyoongezeka kwa mamia ya pauni. Truss alidumu siku 49, na gazeti la Daily Star likamshindanisha na kichwa cha saladi ambacho kilimshinda kwa uhai. Dunia nzima ilicheka. Aliyefungua barua ya benki mwaka 2024 hakuwa na la kuchekea, na haikumsaidia kuambiwa kwamba Truss ameshaondoka.

Wanachama nao walikuwa na kinyongo chao. Katika kinyang'anyiro cha uongozi cha 2022 walipiga kura 81,326 kwa Truss na 60,399 kwa Sunak. Wiki saba baadaye wabunge wakamsimika yule yule aliyekataliwa, bila kuwauliza wanachama. Kiutawala ulikuwa uamuzi wa busara, maana masoko yalitulia. Kichama ulikuwa ujumbe kwamba kura ya kada ni mapambo.

Na kabla ya fedha kulikuwa na adabu. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2021, wakati sheria za korona zikiwakataza watu kukusanyika ndani, kulikuwa na sherehe mbili Downing Street, ofisi na makazi ya waziri mkuu. Kesho yake Malkia Elizabeth alikaa peke yake, amevaa barakoa, kwenye mazishi ya mumewe. Kwa mtu wa kushoto hiyo ilikuwa kashfa nyingine tu ya Waziri Mkuu Boris Johnson. Kwa mhafidhina anayeuheshimu ufalme na anayeamini kwamba sheria ni ya wote, ilikuwa tusi. Johnson mwenyewe hakuwepo kwenye sherehe hizo mbili, lakini mwaka 2022 polisi walimtoza faini kwa mkusanyiko mwingine, na faini zote za Downing Street na ofisi za jirani zilifika 126.

Wengine walichoshwa na mambo ya karibu zaidi. Wafugaji waliambiwa kwamba mkataba wa biashara na Australia ni tunda la uhuru mpya, kisha George Eustice, aliyekuwa waziri wa kilimo ulipofungwa, akakiri bungeni baada ya kuondoka serikalini kwamba haukuwa mkataba mzuri kwa nchi. Wakazi wa vijiji vya kusini walikerwa na majitaka yaliyokuwa yakimwagwa mitoni. Orodha ya matibabu yaliyokuwa yakisubiriwa hospitalini ilipita milioni 7.5. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022; Sunak aliahidi kuupunguza kwa nusu na akafanikiwa, lakini mkate uliopanda bei haukushuka, na hakuna aliyemshukuru.

Hapa ndipo inapofaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu ushindi wa 2019 wenyewe ulikuwa na mbegu ya balaa. Johnson aliunganisha makundi mawili ambayo hayakuwa na uhusiano: matajiri wa wastani wa kusini, wenye elimu na mashaka juu ya Brexit, yaani kutoka Umoja wa Ulaya, na wafanyakazi wa miji ya viwanda ya kaskazini kama Workington na Bolsover, ambao babu zao wangeshtuka kusikia mjukuu amewapigia Conservative. Johnson alilijua hilo. Asubuhi ya ushindi aliwaambia wa kaskazini kwamba huenda wamemwazima kura tu. Ili kulilipa deni hilo ikaahidiwa kuinua mikoa iliyoachwa nyuma. Oktoba 2023 Sunak alitangaza kufuta kipande cha reli ya kasi kati ya Birmingham na Manchester, tena akatangazia Manchester kwenyewe, ndani ya ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Hata mtunzi wa vichekesho angeona amezidisha.

Dalili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuziona. Juni 2021 Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, waliteka Chesham and Amersham, kitongoji cha wenye nazo. Desemba mwaka huo wakaifuta tofauti ya kura karibu 23,000 katika North Shropshire. Juni 2022 ikawa zamu ya Tiverton and Honiton, baada ya mbunge wa hapo kukiri kwamba alitazama picha za ngono ndani ya Bunge. Alijitetea kwamba mara ya kwanza alikuwa akitafuta matrekta. Katika chaguzi za mitaa za Mei 2024 Andy Street, meya wa West Midlands, alijinadi kwa jina lake kuliko la chama chake, na bado akashindwa kwa kura 1,508. Wagombea wakianza kulificha jina la chama kwenye vipeperushi vyao, kampeni imekwisha kabla ya kuanza.

Sunak hata hivyo aliitisha uchaguzi mapema, akiwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli tarehe 22 Mei. Kampeni ilimalizia kazi iliyokwishafanyika. Juni 3 Farage alitangaza kugombea jimbo la Clacton na kuongoza chama cha Reform UK. Siku tatu baadaye, katika kumbukumbu ya miaka 80 ya kutua kwa majeshi Normandy, Sunak aliondoka mapema na kuwaacha viongozi wenzake na wazee waliopigana vita hivyo, akarudi London kufanya mahojiano ya televisheni. Mahojiano yenyewe yaliporushwa, alisikika akisema kwamba utotoni alikosa mambo kadhaa, mfano televisheni ya kulipia ya Sky. Kati ya wapiga kura wote wa Uingereza, kundi pekee lililokuwa bado limebaki na Conservative ni wazee, na kosa la Normandy liliwagusa wao kuliko wengine. Aliomba radhi kesho yake baada ya kuondoka huko. Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba msaidizi wake bungeni aliweka dau la pauni 100 kwamba uchaguzi utafanyika Julai, siku chache kabla tarehe haijatangazwa.

Kwa hiyo kura zilikwenda wapi? Zilitawanyika pande tatu, na mfumo wa uchaguzi ukafanya mengine. Uingereza hutumia utaratibu ambao Kenya na Tanzania zimeurithi kwa viti vya majimbo: anayeongoza kwa kura, hata iwe moja, anachukua jimbo zima. Reform walipata kura zaidi ya milioni 4, sawa na asilimia 14.3, wakapewa viti 5. Liberal Democrats, kwa asilimia 12.2, walipata 72, kwa sababu kura zao zilikusanyika kwenye majimbo ya kusini ambako mhafidhina aliyechukizwa hakuweza kuipigia Labour lakini aliweza kuwapigia hawa. Kundi la tatu ni lile lililobaki nyumbani.  

Ramani ya matokeo ilisomeka kama daftari la madeni. Witney, jimbo la zamani la Cameron, lilikwenda kwa Liberal Democrats, na Maidenhead la May vivyo hivyo. Uxbridge la Johnson lilikwenda Labour. South West Norfolk, ambako Truss alishinda mwaka 2019 kwa tofauti ya kura 26,195, alishindwa na Labour kwa kura 630. Hapo mgombea wa Reform alipata karibu 10,000, na James Bagge, mgombea binafsi wa kihafidhina aliyesimama kwa sababu hakumtaka Truss, akapata 6,282. Yaani wahafidhina wa Norfolk walikuwa wengi kuliko Labour kwa mbali sana. Walichokosa ni mgombea waliyeweza kumvumilia.

Baada ya kushindwa, hesabu moja ilipendwa sana ndani ya chama: jumlisha asilimia 23.7 za Conservative na 14.3 za Reform upate 38, zaidi ya 33.7 za Labour. Suluhisho likaonekana rahisi: nenda kulia, kura zitarudi. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Si kila aliyeipigia Reform aliwahi kuwa wa Conservative kwa moyo. Wengi wa kaskazini walikuwa wale waliomwazima Johnson kura mwaka 2019 na sasa wakazichukua. Pili, viti vya kusini, vya Surrey na Oxfordshire, havikupotea kwa Farage, na kila hatua ya kumkimbilia yeye huwasukuma wapiga kura wa huko mbali zaidi. Kwa makadirio ya kampuni ya kura za maoni ya YouGov, umri ambao Mwingereza huanza kuwa na uwezekano mkubwa wa kuichagua Conservative kuliko Labour ulikuwa 39 mwaka 2019. Mwaka 2024 ulikuwa 63. Pengo hilo halizibwi kwa kumwiga Farage.

Novemba 2024 chama kilimchagua Kemi Badenoch kuwa kiongozi kwa kura 53,806 dhidi ya 41,388 za Jenrick. Wanachama waliostahili kupiga kura walikuwa takriban 132,000, wakati miaka miwili kabla walikuwa 172,000. Januari 2025 Badenoch alikiri hadharani kwamba chama chake kiliwaambia watu walichotaka kusikia kwanza, kisha kikaanza kutafuta namna ya kukitekeleza. Ni kauli ya kweli kuliko zote zilizotoka kwa kiongozi wa Conservative tangu kushindwa, na ilichelewa. Mei mwaka huo zikafanyika chaguzi za halmashauri 23, nyingi zikiwa za mashambani ambako chama hicho kilikuwa mwenyeji kwa vizazi. Reform walichukua 10. Septemba Dorries, yule yule wa Mid Bedfordshire, akahamia kwa Farage, na mbunge Danny Kruger akafuata. Katika zile halmashauri 23, Conservative hawakupata wingi hata katika moja.